Kompyuta ya Kipande Kimoja: Weka Kiganja Kwanza

Anayesifu kompyuta kwa kung'aa aende akasifu sahani. Juzi hapa Kibarani nimewakuta watu wazima wanaimiminia sifa HP Compaq Elite 8300 ya kipande kimoja, eti "kama mpya", kwa kuwa kioo kimepigwa dawa na pembeni kuna kibandiko cha Core i7. Kibandiko! Ukifungua maelezo ya mfumo unakuta i5-3470S.

Wala si prosesa mbaya. Ni kizazi cha tatu, kore nne, 2.9 GHz, na ile S si pambo: inakula wati 65, nduguye asiye na herufi anakula 77. Ndani ya kasha jembamba nyuma ya skrini ya inchi 23, tofauti hiyo si ndogo. RAM isipungue GB 8, na diski ni SSD au tusizungumze. Skrini ya kugusa achana nayo. Sababu sitoi.

Lakini jambo ambalo mnunuzi mgeni halitazami kabisa ni hewa. Kila kitu kimebanwa mgongoni mwa skrini, na joto lina njia moja tu ya kutokea. Weka video, skrini nzima, kwa nusu saa. Dakika mbili hazikwambii kitu. Kisha weka kiganja kwenye matundu ya kutolea hewa. Unataka pumzi ya moto, yenye nguvu, isiyokatika. Ukipata pumzi dhaifu, vuguvugu, na huku mgongo wa mashine unaunguza, basi hitsinki imeziba au pesti iliyo kati yake na prosesa imekauka, na aliyekuambia imefanyiwa sevisi alipangusa kioo tu. Kwetu pwani vumbi hushikana na unyevu na chumvi likawa tabaka. Brashi ya juu juu hailitoi. Nimewahi kumwona muuzaji ameelekeza kiyoyozi kwenye mashine aliyotaka iondoke siku hiyo. Bila shaka ilipoa.

Fundi mmoja mzee wa Mji wa Kale, aliyenifundisha kutazama, alifuta pesti ya zamani kwa spiriti mpaka chuma kikaonyesha uso, akatia mpya kiasi cha punje ya mchele. Skrubu alizipanga kwenye karatasi kwa mpangilio wa matundu yake. Iliyopotea aliitafuta kwa waokota vyuma, enzi hizo jaa la Kibarani bado linafuka moshi. Sasa jaa limekuwa bustani, taka zinakwenda Mwakirunge, na vijana wanafunga kasha kwa skrubu yoyote inayoingia. Tazama vichwa vyake: vikiwa vimechubuka, aliyefungua alikuwa na haraka.

Bei nayo ijue. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Mashine hii ya kizazi cha tatu utaitia Linux, na muuzaji apunguze bei. Akikunyima ile nusu saa ya kuiwasha, mwachie mashine yake.