Uyoga Mbele ya Lenzi: Tafsiri au Urembo?

Kamera zinazovuka bahari kwenda Mafia huelekezwa majini, takriban zote. Papa potwe na matumbawe ya Ghuba ya Chole wamekwisha kupata wapiga picha wao, na Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995 imeizidisha shauku hiyo. Nchi kavu haikujaliwa bahati kama hiyo. Hata hivyo, masika yanapokolea, katika msitu wa Mlola ulio mashariki ya kisiwa na juu ya magogo ya minazi yaliyooza, hufunguka ulimwengu usiohitaji kupiga mbizi. Unahitaji kupiga magoti tu.

Apigaye magoti mbele ya uyoga hukabiliwa kwanza na ubahili wa lenzi. Kadiri lenzi inavyosogea karibu, ndivyo sehemu inayoonekana waziwazi inavyokuwa nyembamba, pengine milimita moja au mbili tu. Ukingo wa kofia ukionekana, shina huzama katika ukungu. Dawa yake ni kupiga picha nyingi, kila moja ikilenga hatua moja nyuma ya iliyotangulia, kisha kuziunganisha kwa kompyuta ziwe picha moja. Wako wanaoiita kazi hiyo ulaghai. Hawakufikiri vya kutosha. Jicho nalo halioni kila kitu kwa mara moja. Hutembea kutoka ukingo hadi shina, na akili ndiyo inayounganisha. Picha ya namna hii haikuongeza kitu ambacho jicho lisingekikuta.

Mtihani wa kweli uko katika rangi. Chini ya majani mabichi mwanga wenyewe huwa na ukijani, na mhariri wa picha ana haki ya kuuondoa ili cheupe kirudi kuwa cheupe. Lakini yuko uyoga uitwao Chlorophyllum molybdites, uotao katika nchi nyingi za joto. Unapokuwa mchanga, vile vipande vyembamba vilivyopangwa chini ya kofia yake kama kurasa za kitabu huwa vyeupe. Unapokomaa, spora zake huvitia rangi ya kijani. Alaye uyoga huo hutapika na kuhara vibaya. Ukijani ule ndio onyo lake, na mkono uleule uliosafisha mwanga wa msitu unaweza kulifuta onyo kwa mguso mmoja. Mwamba ngozi huvutia kwake. Naye mhariri wa picha huivutia rangi upande wa ladha yake.

Mkato nao una makosa yake. Wengi hupenda kofia ijaze fremu, wakaacha tako la shina nje, au wakafagia majani makavu ili mandhari iwe safi. Uyoga wa jamii ya Termitomyces, unaopendwa sana katika vyakula vya Tanzania bara, huteremsha mzizi mrefu hadi ndani ya makao ya mchwa. Baadhi ya jamaa za Amanita, ambao miongoni mwao wamo wenye sumu ya kuua, hubeba kifuko penye tako la shina, mara nyingi kikiwa kimefichwa na udongo. Chakula na mauti hutofautiana mahali palepale palipokatwa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kwa kipimo hicho, kitabu cha Marja Härkönen, Tuomo Niemelä na Leonard Mwasumbi kuhusu uyoga wa Tanzania, kilichotolewa Helsinki mwaka 2003, kinastahili kutazamwa upya na wapenda sanaa, si wataalamu wa mimea pekee. Picha zake za rangi hazikuachwa zijisemee. Maelezo yamesimama kando yake, pamoja na majina ambayo wenyeji wenyewe huuita uyoga wao. Huo ni unyenyekevu ambao picha nyingi za leo, zilizong'arishwa na simu kabla hata mpigaji hajaamua lolote, zimeupoteza.

Itasemwa kwamba msanii si mganga wala bwana shamba, na kwamba picha ya ukutani haipikwi. Ni kweli, na anayetaka kuugeuza uyoga kuwa taa ya zambarau na afanye hivyo, mradi asiubandike jina la uyoga wa kweli. Kuhariri picha kunafanana na kufasiri shairi. Mfasiri huruhusiwa kubadili mpangilio wa maneno, hata kupoteza kina, ili maana ivuke salama. Haruhusiwi kulifanya onyo kuwa sifa. Tafsiri mbovu huwatia aibu wenyewe. Picha mbovu ya uyoga, ikishaitwa mwongozo, huingia jikoni.

Mafia bado inamsubiri mpiga picha wa uyoga wake. Akija, na aje na lenzi njema na subira ya mvua. Aache udongo kidogo chini ya shina.