Wakili Aliyedai Majalada

Leon Wildes alipoichukua kesi ya mwanamuziki John Lennon mwaka 1972, dalili zote zilikuwa za kushindwa. Lennon alikuwa ametiwa hatiani London mwaka 1968 kwa kukutwa na bangi, kosa ambalo sheria ya uhamiaji ya Marekani ilimnyima mtu ukaazi kwa ajili yake, na serikali ya Nixon, iliyochoshwa na kelele zake dhidi ya vita vya Vietnam, ilitaka aondoke. Wildes hakuwa bingwa wa kesi za kisiasa; mkate wake ulikuwa vibali. Naona mazoea hayo ya fomu na majalada ndiyo yaliyomfaa, maana aliibana idara ya uhamiaji kwa maandishi yake yenyewe. Kwanza aliomba Lennon na mkewe Yoko Ono watambuliwe kuwa wasanii wa kiwango cha pekee, kundi lililokuwa na fungu lake la ukaazi. Idara ikayakalia maombi. Akaenda mahakamani kuilazimisha iyaamue, nayo ikayapitisha, ikawa imekiri kwa kalamu yake kwamba watu inaowafukuza wana manufaa kwa nchi. Kisha akatumia sheria ya haki ya kupata taarifa kudai kumbukumbu za utaratibu ambao haukuwa umetangazwa, wa kuwaacha baadhi ya wageni wakae kwa sababu za kibinadamu. Alipata kesi 1,843, zikiwemo za watu waliotiwa hatiani kwa dawa za kulevya.

Mtu atasema majalada hayo siyo yaliyomwokoa Lennon, na atakuwa na haki. Oktoba 1975 Mahakama ya Rufaa iliamua kwa hoja nyembamba: sheria ya Uingereza ya wakati ule iliweza kumtia mtu hatiani hata kama hakujua ana bangi, kwa hiyo hukumu ya namna hiyo haikumfungia mlango. Lakini hoja nyembamba huhitaji mteja ambaye bado yuko nchini, na ni mlolongo wa maombi na mashauri uliomweka New York hadi siku hiyo. Kibali alikipata Julai 1976. Tena Wildes hakuyafungia kabatini aliyoyapata. Mwaka huohuo aliuchambua utaratibu ule katika jarida la sheria, mawakili wa wateja wasio na jina wakaanza kuutumia, na mwaka 2012 serikali ya Obama ilijenga juu yake mpango wa vijana walioletwa Marekani wakiwa watoto. Kwangu huo ndio uongozi wake, kuliko umaarufu wa mteja.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya kuifuata njia yake ni la muda. Lennon aliweza kugharimia miaka minne ya kesi. Mhandisi mgeni aliyeajiriwa Marekani kwa viza ya kazi ya H-1B, akiachishwa kazi, kwa kawaida ana siku zisizozidi 60 za kupata mwajiri mwingine, kubadili hadhi au kuondoka. Kwake njia ya Wildes hutumika kinyumenyume: nakala za vibali, hati za mishahara na barua za mwajiri hukusanywa angali kazini, kwa sababu ombi la kupata jalada serikalini laweza kuchukua muda mrefu kuliko siku alizobakiwa nazo.