Chimbuko la Kijicho: Cassius na Jirani Yake

Walimu wengi tumezoea kumfundisha Cassius, katika tamthilia ya Shakespeare aliyoifasiri Mwalimu Nyerere mwaka 1963 na kuirekebisha mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, kuwa ni mtu mwenye roho mbaya, basi. Mwanafunzi huandika neno "hasidi" katika daftari lake, na somo likaishia hapo. Kwa maoni yetu fundisho hilo ni pungufu, kwani latuonyesha husuda bila ya kutuonyesha inakozaliwa.

Tuyatazame malalamiko yake mbele ya Brutus. Asema kwamba yeye na Kaizari walizaliwa huru sawasawa, wakalishwa sawasawa, wakastahimili baridi ile ile. Tena siku waliposhindana kuogelea katika mto Tiber, ni yeye aliyemwokoa mwenziwe. Kinachomchoma si ukuu wenyewe, bali ni kwamba umemwangukia mtu wa kimo chake. Aristotle alikwisha kulieleza jambo hili katika kitabu chake cha balagha: twawahusudu walio karibu nasi kwa umri, mahali na hadhi. Mkulima hamwonei mfalme kijicho; humwonea mkulima wa shamba la pili.

Hapa Ruharo, Mbarara, hatuna haja ya kwenda Roma kutafuta mfano. Katika makazi ya Nakivale, yanayopokea wakimbizi kwa miongo mingi, majirani huanza maisha katika hali moja: kipande cha ardhi, turubai na mgao. Kisha mmoja huitwa kwenda kuishi nchi ya tatu, mwenziwe akabaki. Mwaka 2023 Shirika la Chakula Duniani liliwagawa wakimbizi wa Uganda katika makundi matatu kwa kadiri ya uhitaji wao, na kundi moja likaondolewa katika mgao. Waliokuwa sawa jana hawakuwa sawa tena, na sababu haikuwa wazi kwa kila mtu. Kijicho hakikosi kumea katika udongo kama huo.

Lakini hapo ndipo msomaji apaswapo kuwa na hadhari. Antony, mwishoni mwa tamthilia, awahukumu wauaji wote isipokuwa Brutus kwamba walisukumwa na husuda. Je, hofu ya Cassius juu ya utawala wa mtu mmoja ilikuwa uongo mtupu? Hatudhani. Ndani yake kijicho na haki vimekaa nyumba moja, na ufundi wa Shakespeare ni kutovitenganisha kwa urahisi.

Sisi walimu hatuna budi kuvitenganisha darasani. Mdai haki hutaka apate chake. Hasidi huridhika mwenziwe akikosa, hata kama yeye hapati kitu. Mama aulizaye kwa nini jina lake limeondolewa katika orodha si hasidi. Tukimwita hivyo, tutakuwa tumemnyima chakula na neno pia.