Ken Walibora na Kauli ya Kijana

Marehemu Ken Walibora, aliyefariki mwaka 2020, hakuwaandikia vijana kwa kuwalainishia dunia. Katika Siku Njema (1996), Kongowea, mwana wa mwimbaji wa taarabu wa Tanga, anafiwa na mama, kisha anavuka mpaka kwenda Kenya kumtafuta baba. Dhiki ni nyingi, lakini kipaji chake hatimaye kinamfaa. Kidagaa Kimemwozea (2012) inatia shaka faraja hiyo: Mwalimu Majisifu anauiba mswada wa kijana Amani na kuuchapisha kwa jina lake mwenyewe. Hapa kipaji pekee hakitoshi, kinahitaji haki. Riwaya zote mbili zimetahiniwa katika shule za Kenya. Basi anayezisomesha na ajiulize: je, huwasikiliza wanafunzi wake, au naye huwapokonya kauli?