Jina Lililofichwa na Deni la Damu: Uhakiki wa Trilojia ya Captive Prince

Riwaya za fantasia zinazosimulia mapenzi ya wanaume wawili kutoka kambi mbili za vita hukabiliwa na swali moja gumu: damu iliyomwagika kabla ya mapenzi kuanza huwekwa wapi? Mara nyingi vita hubaki kuwa mandhari tu. Trilojia ya C. S. Pacat, mwandishi wa Australia, iliyosomwa kwanza kwa mfululizo mtandaoni na kukamilika kwa Kings Rising mwaka 2016, inastahili kuchunguzwa kwa kuwa deni hilo ndilo kiini cha msuko wake.

Damen, mrithi wa kiti cha enzi cha Akielos, anapinduliwa na Kastor, ndugu yake kwa baba, kisha anapelekwa nchi ya Vere kama mtumwa wa mwanamfalme Laurent. Miaka sita kabla ya hapo, katika mapigano ya Marlas, Damen ndiye aliyemuua Auguste, kaka yake Laurent. Kwa sababu hiyo analificha jina lake.

Usimulizi ni wa nafsi ya tatu, ila kwa sehemu kubwa umefungwa katika mtazamo wa Damen. Msomaji hujua anachokijua Damen na, muhimu zaidi, hukosea anapokosea Damen. Kitabu cha tatu kinapofichua kwamba Laurent alimtambua tangu mwanzo, vitabu viwili vilivyotangulia hulazimika kusomwa upya. Adhabu ya viboko katika kitabu cha kwanza haibaki kuwa ukatili wa bwana kwa mtumwa asiyemjua. Ni kijana anayemwadhibu muuaji wa kaka yake bila kulitaja kosa. Vivyo hivyo, usiku wa wawili hao katika ngome ya Ravenel, ambao Damen anauingia akiwa na hatia ya mdanganyifu, unabeba maana nyingine: Laurent alikuwa akijua mikono ile ilifanya nini. Kumbe aliyedanganyika ni yule aliyedhani anadanganya. Hapa ndipo penye ubora mkuu wa kazi hii, kwani mapenzi yake hayakuegemezwa juu ya kutojua.

Hoja kwamba trilojia inaupamba utumwa ina uzito, hasa kuhusu Erasmus, mtumwa aliyefundwa Akielos kuuona utii kuwa uzuri. Ni kweli kwamba Damen, aliyekulia katika desturi hiyo bila kuihoji, anaanza kuitilia shaka pingu za dhahabu zinapofungwa mikononi mwake. Lakini Laurent anapokuja kuvaa mojawapo ya pingu hizo, ni vigumu kuukubali usawa unaodokezwa. Pingu ya mwanamfalme anayeweza kuivua apendapo haiwezi kulinganishwa na pingu ya Erasmus.

Udhaifu mkubwa zaidi, hata hivyo, unahusu mgawanyo wa hatia. Kifo cha Auguste kilimwacha Laurent, akiwa bado mtoto, mikononi mwa ami yake, mtawala wa muda, ambaye alimdhalilisha kingono. Upanga wa Damen, pasipo yeye kukusudia, ndio ulioufungua mlango huo. Hili ndilo jambo zito kuliko yote katika trilojia, na lingeweza kuwafanya wapenzi hawa waulizane maswali yasiyo na majibu mepesi. Badala yake, msuko unalihamishia deni lote kwa ami. Njama yake na Kastor inaufanya uadui wa mataifa mawili uonekane kazi ya waovu wawili. Wakiondolewa, amani inakuwa suala la viti viwili vya enzi kuunganishwa kwa mapenzi.

Jimbo linalogombewa lenyewe linakataa wepesi huo. Watu wa Akielos huliita Delpha. Watu wa Vere huliita Delfeur. Majina hayo mawili ni miongoni mwa mambo madogo yaliyobuniwa kwa umakini mkubwa zaidi katika kazi nzima, maana yanabeba historia ya kushinda na kushindwa kabla mhusika yeyote hajafungua kinywa. Wanavijiji wa mpakani, ambao nyumba zao huchomwa ili kuchochea vita, wanapewa kurasa chache tu, na hakuna anayewauliza wao wanaiitaje ardhi yao.