Ugonjwa wa Wazungu

Kitabu cha Denis Burkitt kiitwacho Don't Forget Fibre in Your Diet kilitoka mwaka 1979. Nilikipata miaka michache baadaye, nikifundisha sayansi katika chuo cha ualimu, nikakipenda mara moja. Mwandishi hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa daktari mpasuaji, mzaliwa wa Ayalandi, aliyekwenda Uganda mwaka 1946 akafanya kazi Mulago; mwaka 1958 alieleza saratani ya taya za watoto ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake. Lugha yake ni nyepesi, na hoja yake hata mtoto wa darasa la tano huielewa. Anayekula nafaka isiyokobolewa, maharage na mboga hupata choo kingi, laini, kinachopita upesi. Anayekula vilivyokobolewa hukaa na uchafu tumboni siku nyingi, na hapo maradhi ya utumbo mpana, saratani ikiwamo, hupata nafasi. Ushahidi wake ulikuwa ni sisi: kwa wanakijiji wa Afrika, alisema, ugonjwa huo ni nadra.

Sisi wa Machochwe, tuliokuzwa kwa ugali wa ulezi na mtama, tulijiona tumesifiwa. Nikawafundisha wanachuo wangu kwa furaha kwamba saratani ya utumbo mpana ni ugonjwa wa Wazungu.

Sasa, uzeeni, nimekisoma tena. Hoja ya chakula ingali imesimama. Tafiti nyingi za baadaye zimeonyesha kwamba wanaokula nyuzinyuzi kwa wingi hupata saratani hii kwa uchache zaidi. Lakini naona kasoro mbili.

Ya kwanza ni ya hesabu. Burkitt alikusanya habari kutoka hospitalini, na hospitali humhesabu yule tu aliyefika mlangoni. Mzee wa kijijini aliyetokwa na damu chooni alikunywa mizizi, akafa, akazikwa, na ugonjwa wake ukazikwa naye bila jina. Wengine wengi walikufa kwa malaria au katika uzazi kabla ya kufikia umri ambao saratani hii huonekana zaidi. Huenda ulikuwa nadra kweli. Lakini kutoonekana na kutokuwepo si kitu kimoja.

Ya pili ni kwamba kitabu kiliandikiwa Mzungu. Sisi tumo humo kama kioo, ili yeye ajitazame. Yeye anaambiwa ale kama sisi. Sisi hatuambiwi lolote. Tulisoma barua ya mtu mwingine, tukaona tumetajwa kwa sifa, tukaikunja. Wakati huohuo sembe nyeupe ilikuwa inaingia majumbani mwetu na ulezi unatoka.

Mwanachuo wangu mmoja alikuja kuwa mwalimu mwenzangu. Kwa karibu miaka miwili alitokwa na damu chooni. Alimeza dawa za amiba, za kichocho na za bawasiri, maana huku kwetu damu chooni ina majina hayo matatu tu. Kutazamwa huko nyuma aliona aibu. Alipofika kwa daktari bingwa, saratani ilikuwa imekwisha fika kwenye ini. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mapema.

"Mkuu, ningekwambia nini?" alijibu. "Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba ni ugonjwa wa Wazungu."

Sikuwa na jibu, wala sinalo leo. Ninachoweza ni kuandika sura iliyokosekana.

Saratani hii kwa kawaida huanza kama kinyama kidogo ndani ya utumbo, kisicho na maumivu, na mara nyingi huchukua miaka kumi au zaidi kugeuka. Ndiyo maana yaweza kuwahiwa. Kipo kipimo cha choo kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho. Ikipatikana, daktari huingiza mrija wenye kamera, na aweza kukiondoa kinyama hapohapo. Marekani, tangu mwaka 2021, jopo lao la wataalamu linashauri hata asiye na dalili aanze kupimwa akiwa na miaka 45. Sisi hatuna utaratibu wa taifa zima wa namna hiyo, kwa hiyo kila mtu na awe mlinzi wa mwili wake: damu, choo kilichobadilika kwa majuma kadhaa, kukonda bila sababu. Ugonjwa ukiwahiwa, upasuaji peke yake huweza kutosha. Ukichelewa, huongezwa dawa za saratani, na ukiwa kwenye puru, mionzi pia. Bugando kule Mwanza na Ocean Road kule Dar es Salaam hutibu saratani. Wapo wanaotoka na mfuko wa choo tumboni. Bora mfuko kuliko kaburi.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nami nilimsaidia mtu kuficha, kwa somo zuri nililolifundisha nusu.

Kitabu bado nakiazima kwa anayekitaka, maana ni kizuri. Ila kabla hajaondoka nacho, namketisha kwanza nimsimulie habari za mwalimu yule.