«Iko mu Biblia!» – Fasi gani?
Maoni ya mtu na Neno la Mungu katika jamaa zetu

Katika vitabu hivi vya shirika letu tunasoma mara nyingi juu ya mila: mahari, kilio, majina ya mapacha, heshima ya wakwe. Safari hii tunaomba ruhusa ya kugusa mila moja mupya, ambayo wazee hawakutuachia, kwa sababu imezaliwa mbele ya macho yetu sisi wenyewe. Mila hiyo ni neno moja fupi: «Iko mu Biblia!» Likisemwa kwenye barza, mazungumzo yanaisha. Mzee ananyamaza, mama ananyamaza, hata mwalimu mwenye diploma ananyamaza. Nani atabishana na Mungu?

Sisi hatubishani na Mungu. Tulibatizwa, tulioa kanisani, na watoto wetu wanasali. Tunachobishania ni jambo lingine: mara nyingi neno lile haliko mu Biblia. Liko mu kichwa cha yule anayelisema. Ni maoni yake, pengine ni hasira yake, pengine ni njaa yake, lakini amelivalisha joho la Mungu. Na joho hilo likivaliwa vibaya, kuna watu wanaoumia.

1. Yaliyotokea kwenye kilio kimoja

Miaka michache iliyopita tulikuwa na mwanafunzi mmoja, msichana wa miaka kumi na mbili, katika mwaka wa kwanza wa sekondari. Alikuwa anaandika vizuri, aliketi mbele. Baba yake aliugua, akafa. Tulienda kwenye kilio pamoja na walimu wenzetu wawili, kama desturi inavyotaka.

Usiku wa tatu, mhubiri mmoja wa chumba cha maombi cha kartie alisimama na kusema kwamba Mungu amemwonyesha katika maono aliyemukula marehemu. Akanyosha kidole kwa yule mtoto. Baba mdogo akalia kwa sauti, shangazi mmoja akamshika mtoto mkono kama anashika mwizi. Kesho yake mtoto akapelekwa kwenye «ukombozi». Siku tatu bila chakula. Jamaa ikaombwa mbuzi na feza. Daftari zake zilibaki nyumbani, na pa shule kiti chake kikabaki wazi.

Tulipomuuliza baba mdogo, alitujibu kwa upole: «Bwana mwalimu, ule mutoto hayiko muzuri. Na tena, hii maneno siye hatukuitunga. Iko mu Biblia.»

Tukauliza: «Fasi gani?»

Hakujua. Akatutuma kwa mhubiri. Na yeye alijua: Kutoka, sura ya 22, mstari wa 18 (katika Biblia zingine ni wa 17), panaposemwa kwamba mwanamke mchawi asiachwe kuishi. Tukaomba jamaa ikusanyike jioni, na Biblia iwe katikati.

Pale kwenye barza kulikuwa na koko wa mtoto, mama wa mama yake. Mama mzee huyo hajui kusoma hata herufi moja. Mstari ule uliposomwa, watu wote waliinamisha kichwa. Yeye peke yake alisema: «Musome mbele.» Mhubiri akasema inatosha. Koko akarudia: «Musome mbele, mujukuu wangu, musiikate katikati.»

Tukasoma mbele. Mistari mine baadaye, katika sura ile ile, Mungu anakataza kumtesa mjane na yatima. Anasema wakimlilia yeye, atasikia kilio chao, na hasira yake itawaka juu ya watesaji. Hakuna aliyehitaji ufafanuzi. Yatima alikuwa ameketi pale pembeni ya mlango, midomo imekauka kwa njaa.

2. Mtoto wa mama wawili wasiomzaa

Wale wanaoshitaki watoto wanatumia mashahidi wawili: Biblia na mila. Ukiwapinga kwa Biblia, wanasema wazee wetu walijua uchawi. Ukiwapinga kwa mila, wanarudi katika Biblia. Basi tuwaulize mashahidi hao wawili, mmoja mmoja.

Biblia kwanza. Tumeitafuta: hakuna mahali hata pamoja ambapo mtoto anashitakiwa kuwa mchawi. Kuna watoto wanaoteswa na pepo, ndiyo. Soma Marko 9 na Luka 9: baba analeta mwana wake anayeangushwa tangu utoto. Yesu haulizi nani mtoto huyo amemukula. Hamfungishi njaa, haombi mbuzi. Anamponya, na Luka 9:42 inaongeza neno dogo ambalo wahubiri wengi wanalipita mbio: anamrudisha kwa baba yake. Tufikiri hapo kidogo. Yesu anamtoa mtoto mikononi mwa pepo na kumrudisha nyumbani. Siye tunamtoa mtoto nyumbani na kumtupa barabarani, kisha tunasema tumemfuata Yesu.

Soma tena Yohana 9. Wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu, wanauliza nani alikosa, yeye ao wazazi wake. Swali hilo ndilo swali la vilio vyetu: nani ameleta hii? Yesu anajibu kwamba si yeye wala si wazazi. Maono ya mhubiri wa kartie yanajibu swali ambalo Yesu alikataa kulijibu kwa kutafuta mkosaji.

Sasa mila. Tusisifu wazee kupita kiasi. Nao walikuwa na zambi zao. Mahali pengi pa Kongo mtu aliyeshitakiwa uchawi alinyweshwa sumu, na akifa walisema kosa lake limeonekana. Lakini aliyeshitakiwa hivyo mara nyingi alikuwa mtu mzima. Wanaochunguza mambo haya wameonyesha kwamba kushitaki watoto wadogo kwa wingi, katika miji yetu, ni jambo la juzi tu, lililoenea hasa tangu miaka ya 1990. Sisi wenye umri wa kukumbuka tunajua miaka ile: mishahara imekufa, vita vimeingia, wazazi wanakufa, mayatima wanaongezeka kwa baba wadogo wasio na kitu. Na tangu Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja, tarehe 24 Aprili 1990, vyumba vya maombi vikazaliwa kila avenyu. Vingi ni vyema, tunavijua. Lakini katika shida ile, mdomo mmoja wa kulisha uliozidi ulipata jina: ndoki.

Basi mashitaka haya yanajiita mtoto wa mama wawili, na hakuna hata mmoja aliyemzaa. Ni maoni ya watu wa siku za taabu.

3. Si mara ya kwanza

Tusifikiri kwamba kosa hili ni la wahubiri wadogo wa kartie tu. Wakubwa walilifanya mbele yao, na kwa vitabu vizito. Muda mrefu Wazungu wengi walifundisha kwamba mtu mweusi amelaaniwa katika Hamu mwana wa Noa, na kwa hiyo utumwa ni sehemu yake. Wengine wetu bado wanarudia neno hilo wakichoka na matatizo ya inchi: «Siye tulilaaniwa.» Fasi gani? Fungua Mwanzo 9:25. Noa hamlaani Hamu. Anamlaani Kanaani, mwana wa Hamu. Ngozi nyeusi haitajwi. Afrika haitajwi. Na anayelaani ni Noa aliyeamka katika ulevi, si Mungu.

Baadaye jina lile lile la Hamu likageuzwa upande mwingine. Mwingereza John Hanning Speke, katika kitabu chake cha mwaka 1863, aliandika kwamba watawala wa falme za Maziwa Makubwa walitoka Abisinia na ni watu wa damu nyingine. Wengine wakaendeleza wazo hilo, wakaliingiza katika utawala na mashule, wakapanga watu wa eneo letu kwa vyeo vya damu. Hakuna mstari mmoja wa Biblia unaosema jambo hilo. Yalikuwa maoni ya msafiri. Siye watu wa Kivu hatuhitaji kuelezwa maoni hayo yalisaidia kuzaa nini.

Wazee wetu walikuwa na udhuru: wengi hawakuwa na kitabu mikononi, walisikia tu. Sisi tuna Biblia mezani, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Udhuru wetu ni upi?

4. Paulo anatupa mfano

Wengine watatuambia: «Mwalimu, na wewe unatoa maoni yako. Kila anayesoma anafasiri.» Ni kweli, na hatuwezi kuficha. Mwalimu wa Kifaransa anajua kwamba wanafunzi arobaini wakisoma maandishi mamoja, wanaleta majibu mengi. Lakini anajua pia kwamba si kila jibu linapata alama. Kuna jibu linalotoka katika maandishi, na kuna jibu linalotoka dirishani.

Mtume Paulo mwenyewe anatufundisha kutofautisha. Katika 1 Wakorinto 7, akizungumza juu ya ndoa, mstari wa 10 anasema agizo hili si langu, ni la Bwana. Mstari wa 12 anageuka: hili nalisema mimi, si Bwana. Mstari wa 25, juu ya mabikira, anasema hana amri ya Bwana, lakini anatoa shauri lake. Fikiri: mtume aliyeanzisha makanisa anaona haya kuchanganya shauri lake na amri ya Mungu. Na mhubiri aliyeanza juzi haoni haya?

Kwa hiyo maoni si zambi. Mtu anaweza kusema: «Kwa mawazo yangu, mahari hii ni kubwa mno», ao «Naona kilio cha wiki mbili kinaharibu jamaa». Hayo ni mashauri, tuyapime, tuyajibu. Zambi ni kuyatia saini ya Mungu. Yeremia 23 inawasema manabii wanaosema maono ya moyo wao wenyewe, na Kumbukumbu la Torati 18 ni kali zaidi kwa nabii anayesema kwa jina la Mungu neno ambalo Mungu hakumwamuru.

Wengine watasema tunamzimisha Roho. Hapana. 1 Watesalonika 5 inakataza kumzimisha Roho na kudharau unabii, lakini mstari unaofuata unaagiza kupima yote. Na 1 Wakorinto 14:29 inaagiza manabii waseme wawili ao watatu, na wengine wapime. Unabii usiokubali kupimwa, Biblia haiujui. Watu wa Beroya, katika Matendo 17:11, walimsikia Paulo, kisha wakachunguza Maandiko kila siku kuona kama ndivyo. Luka hawaiti wabishi, anawasifu.

Wakatoliki watatukumbusha kwamba kwao Maandiko yanasomwa pamoja na mapokeo na mafundisho ya maaskofu. Sawa. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Dei Verbum ya tarehe 18 Novemba 1965, ulisema wazi kwamba mamlaka hiyo ya kufundisha haiko juu ya Neno la Mungu, bali inalitumikia. Kama maaskofu wote pamoja ni watumishi wa Neno, mtu mmoja mwenye maiki atakuwa bwana wake namna gani?

5. Tufanye nini?

Tunapendekeza mambo machache, na tunasema wazi kwamba ni mapendekezo yetu.

Kwanza, tuwe na desturi ya kuuliza kwa heshima: fasi gani? Kuuliza si ujinga, wala si uasi. Pili, tusome mbele na nyuma ya mstari, kama koko yule alivyotufundisha. Tatu, tuangalie nani anapata faida na nani analipa. Neno likimletea msemaji mbuzi na likimletea yatima njaa, tulipime mara mbili. Inne, jambo linalogusa maisha ya mtu lisikatwe na sauti moja, usiku, katikati ya machozi. Wazee walikuwa na barza; tuirudishe, na Biblia iwe katikati, si mkononi mwa mmoja.

Na tusisahau sheria. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi. Sheria nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inayolinda mtoto imeyawekea azabu mashitaka hayo. Wazazi wengi hawaijui. Sisi walimu tunaijua, na mara nyingi tunanyamaza kwa kuogopa kuitwa na siye wachawi.

Tumalize na mwanafunzi wetu. Jioni ile mhubiri aliondoka kabla ya chakula, na mtoto akalala kwa koko yake. Tungependa kuandika kwamba mambo yote yalitengenea. Hapana. Mwaka ule wa shule ulimpotea. Alirudi mwaka uliofuata, akakaa nyuma, hakutaka tena kiti cha mbele. Kwa baba mdogo hajaingia tena, na mali ya baba yake hatujui iko wapi. Maoni ya mtu mmoja, dakika mbili za maneno, yalifanya hayo yote.

Siku moja, mwisho wa somo, alitukaribia akauliza: «Mwalimu, ile fasi mulisoma ya yatima, ni sura ngapi?» Tukamwandikia kwenye daftari: Kutoka 22, mstari wa 22 mpaka wa 24. Akasoma namba zile polepole, akafunga daftari, akaenda.

Ndugu msomaji, yeye sasa anajua fasi gani. Na siye?